Barua ya wazi kwa wakubwa wa mabunge yetu: makontena ya vitabu basi, tuleteeni karatasi zenu wenyewe

Waheshimiwa Maspika, Makatibu wa mabunge na mabaraza, na nyie wajumbe wa tume mnaogawa bajeti za ndani, shikamooni wanaostahili shikamoo, wengine habari za kazi.

Mi ni mkutubi. Nimefanya kazi maktaba ya bunge moja la huku kwetu Afrika Mashariki mpaka nikastaafu, bunge lenyewe silitaji na msijisumbue kukisia, maana nyumba za kutunga sheria ziko nyingi, kuna Dodoma, kuna Chukwani, kuna Nairobi na yale mabaraza 47 ya kaunti, kuna Kampala, kuna Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha, na sisi wakutubi wa huko kote tukikutana tukaanza kupiga stori utadhani tulikuwa ofisi moja. Haya ninayoandika nilishayaandika kwenye madokezo ya ofisi sijui mara sita sijui saba, dokezo linapanda juu, likirudi limeandikwa pembeni "tuangalie mwaka ujao wa fedha". Mwaka ujao wa fedha ukifika na wenyewe una mwaka wake ujao. Sasa sina tena bosi wa kumwandikia dokezo, ndo maana naandika hapa mbele za watu.

Nianze na usiku mmoja wa kipindi cha bajeti. Saa nne na nusu, nimeshazima taa za upande wa magazeti, anaingia mheshimiwa mmoja, tai kaikunja kaitia mfukoni, jasho linamtoka, simu mbili mkononi. "Mama Maktaba usifunge, nisaidie. Kesho asubuhi nachangia ardhi." Anataka taarifa ya kamati iliyochunguza mashamba makubwa yaliyogawiwa watu yakaachwa pori, iliwasilishwa mezani miaka 9 nyuma, yeye mwenyewe alikuwepo ukumbini, anakumbuka mpaka rangi ya jalada, anakumbuka mapendekezo yalipitishwa na waziri wa wakati ule akasema serikali imeyapokea. Nikamwambia kaa Mheshimiwa, hiyo hatuwezi kuikosa, si ya kwetu wenyewe.

Nikashusha Hansadi ya siku ile, yaani yale majalada ya kumbukumbu za mijadala ya bunge. Ipo, safi, imejaladiwa vizuri. Mwenyekiti anasimama, anamshukuru Mungu, anamshukuru Spika, anawashukuru wajumbe wake, anaishukuru familia yake, anasoma kurasa tatu, kengele inalia, anamaliza na ile sentensi ambayo nyie wote mnaijua kwa moyo: "Naomba taarifa yangu yote kama ilivyo iingie kwenye Kumbukumbu Rasmi." Imeingia wapi? Hakuna kilichoingia. Jedwali la mashamba, ukubwa wake, waliohojiwa, mapendekezo namba moja mpaka ishirini na kitu, vyote vilibaki kwenye kile kijitabu alichokishika mkononi siku ile.

Kijitabu chenyewe rafuni hakuna. Nikampigia aliyekuwa katibu wa ile kamati, kashahamia wizarani, nikamwamsha maskini ya Mungu, akaniambia mama ile ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, kompyuta ikafa, wakaja vijana wa TEHAMA wakaipiga upya windo. Nakala ya mezani ilienda masjala, masjala wakaipeleka stoo, na stoo ilisafishwa ule mwaka tuliohama jengo. Saa saba usiku mheshimiwa akaondoka na fotokopi ya kurasa tatu zenye shukrani nyingi kuliko mashamba. Asubuhi akasimama akasema iko ripoti ya nyumba hii hii ilisema hivi na hivi, serikali ikajibu kwa upole tu kwamba Mheshimiwa kama anayo hiyo ripoti ailete mezani. Akakaa. Mi nilikuwa naangalia kwenye tivii ya maktaba, nilitamani ardhi ipasuke.

Kama wiki mbili baadaye natoka kazini nikanunua karanga kwa kijana anayezunguka na kapu nje ya geti. Nimefika kituoni karanga zimeisha, naikunjua ile karatasi niitupe, naona jedwali. Namba ya shamba, wilaya, hekta, hali ya sasa, na kwenye ile safu ya mwisho neno "pori" linashuka mstari kwa mstari mpaka chini ya ukurasa. Chini kabisa namba 47. Nilirudi kumtafuta yule kijana huku mkoba unanipiga mgongoni, nikamkuta, kabakiza karatasi za mitihani ya darasa la sita.

Wakubwa, inshu yangu nzima ndo hiyo. Wageni wakija mnawaleta maktaba, mnasimama mlangoni mnapiga picha, mnauliza kwa sauti "Mama tuna vitabu vingapi?" ili mgeni asikie idadi. Miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyeniuliza mwaka jana zimewekwa mezani hati ngapi na maktaba zimefika ngapi. Kitabu cha dukani kikipotea nitakinunua tena, au nitakiazima chuo kikuu. Taarifa ya kamati ya bunge ikipotea bungeni mi nikaazime kwa nani?

Na taarifa za kamati ndo angalau zina jalada. Chukueni jedwali la marekebisho. Ni karatasi moja au mbili, inagawiwa siku hiyo hiyo muswada unapopita kifungu kwa kifungu, inasema kifungu cha 12 futa neno "atatakiwa" weka "anaweza". Ikifika jioni wahudumu wanazoa viti vyote, zinaingia kwenye mfuko mweusi. Miaka 10 baadaye mtu anakuja, wakili au mbunge au mwanafunzi wa sheria, anauliza hili "anaweza" liliingiaje, nani alilileta, alisema nini. Uingereza tangu hukumu ya Pepper v Hart ya 1992 mahakama zinaweza kufungua Hansadi kutafuta bunge lilikusudia nini pale sheria inapokuwa na utata, kwa hiyo msifikiri ni mambo ya wakutubi kupenda karatasi, neno moja linaweza kumfunga mtu au kumwachia. Alafu kuna randama za wizara, yale maelezo ya kina ya bajeti zao, kuna maandiko ya wadau wanaosafiri kwa basi usiku kucha kuja mbele ya kamati na andiko lao la kurasa nane walilolichapisha kwa pesa yao, kamati inalipokea, inawashukuru, basi, ukija kulitafuta baada ya mwezi halipo. Yule aliyesafiri na basi anajua lipo. Ana imani na nyie kuliko mnavyostahili, samahanini.

Maamuzi ya Spika ndo yananiuma zaidi. Kila siku mtu anasimama, "mwongozo wa Spika", "kuhusu utaratibu", Spika anaamua, na yale maamuzi ndo kanuni zinazojaza mapengo ya Kanuni za Kudumu. Sasa nani anayaweka kwa mpangilio? Kwetu alikuwepo katibu mezani mmoja wa zamani, mzee mwenye mwandiko mzuri, alikuwa na kaunta buku lake jekundu, kila mwongozo anauandika humo, tarehe, nani kaomba, Spika kaamua nini, ukurasa wa Hansadi. Spika akigeuka tu nyuma kumwangalia, mzee kashafungua ukurasa. Alipostaafu kaunta buku likaondoka naye, na hana kosa, alilinunua kwa hela yake. Haikupita muda nyumba ikaamua jambo moja kwa namna mbili tofauti ndani ya mikutano miwili, na sisi maktaba hatukuwa na cha kumpelekea Spika kwenye kikaratasi. Ile ilikuwa kazi yetu, index ya maamuzi, mtu mmoja anakaa na Hansadi kila wiki anachambua. Niliomba huyo mtu mmoja. Nikaletewa mtu, akakaa siku 11, akahamishiwa protokali kwa sababu alikuwa mrefu na anaongea Kifaransa.

Mtaniambia sa hivi mambo yote kidijitali, vishikwambi vimekuja, karatasi zimeisha. Haya tuzungumze vishikwambi. Zamani hati ikichapwa nakala za wabunge wote mi nilikuwa na ujanja wangu, naenda mwenyewe chumba cha uchapishaji na kile kitoroli, nabeba nakala mbili kabla hazijapanda ukumbini, vijana wa mashine wananijua. Leo hati inatumwa moja kwa moja kwenye kishikwambi cha mbunge, au mbaya zaidi kwenye grupu la Wasap la kamati, na maktaba haimo kwenye hilo grupu. Mkutano ukiisha kishikwambi kinarudishwa kinafutwa. Niliwahi kuletewa flashi na kijana wa kamati fulani, kwa nia njema kabisa, nikafungua nikakuta mafaili 60 na ushee yanaitwa scan0001, scan0002, na matatu yanaitwa "ripoti FINAL", "ripoti FINAL mpya" na "ripoti FINAL ya mwenyekiti TUMIA HII". Ipi iliwekwa mezani? Kijana hajui. Na yote ni picha ya karatasi, huwezi kutafuta neno ndani yake, unasoma kwa macho moja moja. Hiyo kwangu mimi haina tofauti na stoo, ni stoo yenye umeme.

Alafu tovuti. Tovuti ya bunge ikibadilishwa muonekano, linki zote za zamani zinakufa siku hiyo hiyo, na aliyepewa tenda ya tovuti hajawahi hata kuuliza kama kuna mkutubi kwenye hilo jengo. Ukitafuta Hansadi za Kenya za miaka ya 60 na 70 leo unazikuta Google Books, zimeskaniwa, unatafuta neno unapata, na mimi nimezitumia sana nashukuru, ila huwa nacheka kidogo peke yangu, kwamba kumbukumbu za mababa wa taifa wakibishana Nairobi mtu anazisoma kwa hisani ya kampuni ya Marekani. Siku wakiamua kuzima tutamwandikia nani dokezo?

Sasa makontena. Naomba msikasirike. Najua wafadhili wana nia njema na nyie mnaona aibu kukataa. Ila mi nimeshapokea kontena mara mbili. La pili lilikuwa na hafla kabisa, utepe, keki, hotuba, na gharama za bandari na lori zikakatwa kwenye kasma ya vitabu ya maktaba, lile fungu letu la bajeti, yaani zile pesa za kununulia vitabu nilivyovichagua zikatumika kuleta vitabu ambavyo sikuvichagua. Tukafungua. Miongozo ya kodi ya jimbo moja la Marekani ya mwaka 1994. Vitabu vya kujifunza Windows 95. Ensaiklopidia seti mbili, zote mbili zinakosa juzuu moja na siyo juzuu ile ile. Na kitabu kimoja kinene, picha za rangi, namna ya kuendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Kijana wangu wa maktaba akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama hiki tukiweke rafu namba 625 na barabara au tukiweke kwenye riwaya?"

Maktaba ya bunge haijengwi hivyo. Inajengwa kwa kuangalia kalenda. Mkutubi anatakiwa ajue mapema miswada gani iko jikoni serikalini, mikataba gani inakuja kuridhiwa, kamati gani inaenda kukagua nini, alafu anaanza kukusanya miezi mitatu kabla: sheria ya sasa na marekebisho yake yote, nchi jirani wamefanyaje, CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alisema nini kuhusu hilo eneo, takwimu za karibuni, kesi zilizopita mahakamani. Hapo kitabu kimoja kilichochaguliwa kinashinda kontena. Lakini mwaka 2017 Tanzania ile miswada ya rasilimali na mikataba ya madini ilikuja kwa hati ya dharura, yaani kwa haraka kuliko utaratibu wa kawaida, na 2015 ile ya petroli vilevile, na hizi ni sheria nzito zenye historia ndefu nyuma yake, sasa mkutubi ambaye kununua kitabu kimoja kunataka nukuu tatu za bei na kikao cha bodi ya zabuni atafanya nini pale? Atakachofanya ni kutoa alichonacho rafuni. Kwa hiyo rafu iwe tayari kabla ya dharura, maana dharura ya serikali haijawahi kumsubiri mkutubi.

Niwaambie pia kuhusu sheria zenyewe, maana hapa nimeona makosa ya wazi. Mbunge anaomba Sura fulani, yaani sheria kwa namba yake, anapewa kitabu, anasoma, anaandaa mchango wake, kumbe kile kifungu kilishafutwa miaka minne nyuma. Sisi wa zamani tulikuwa na mkasi na gundi, Gazeti la Serikali likitoka na marekebisho unakata kale kapande unakabandika juu ya kifungu cha zamani, vile vitabu vilivimba mpaka vikawa havifungiki, ukikifungua kinatoa harufu ya gundi na mende. Kazi ya kuchosha ila mbunge akishika kile kitabu kilichovimba anajua kiko hai. Tanzania sasa wana Toleo la Urekebu la 2023 lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, baada ya watu kuishi na lile la 2002 zaidi ya miaka ishirini, jambo zuri sana, hongera kwao. Ila nimesikia minong'ono sehemu kwamba sasa yale ya zamani yaondolewe yanajaza nafasi. Jamani msithubutu! Mtu aliyeshtakiwa kwa jambo la 2009 anahukumiwa kwa sheria ya 2009. Mbunge anayetaka kujua kwa nini kodi fulani ilipanda lazima aone ilikuwaje kabla. Sheria iliyofutwa ndo sheria ambayo duka haliuzi tena, kwa hiyo ndo maktaba iitunze.

Cha kuondoa kipo, na mi sina huruma nacho, zile Windows 95 ziondoke leo. Ila hapo mnatubana kwingine. Kila kitabu kimepigwa mhuri na namba ya mali, kukiondoa kunataka kamati ya kufuta mali, mkaguzi, tathmini, na thamani ya kitabu cha theluji ikatajwa kwenye kikao na watu wazima wako serious. Kwa hiyo tunaacha. Takataka inalindwa na sheria ya mali ya umma, na taarifa ya kamati inafungia karanga.

Nije kwenye lugha, hapa naomba mnisikilize taratibu. Mbunge haji kuniomba "mafao ya uzeeni, masuala ya kisheria". Anakuja anasema "nipe ya kikokotoo". Anasema "nipe ya tozo", "nipe ya stakabadhi ghalani", "nipe ile ya kangomba", yaani wale wanaonunua korosho za wakulima kwa magendo. Katalogi yetu iliandikwa kwa vichwa vya habari vya Kiingereza kutoka kwenye vitabu vya Maktaba ya Congress, Washington, ukitafuta kikokotoo inakwambia hakuna, wakati vitu vipo, vimekaa rafu namba 331.252 kimya kabisa. Kijana mgeni wa kazi anamjibu mheshimiwa "hatuna" na anaamini. Sasa hapo hapo mjadala mzima uko kwenye Hansadi kwa Kiswahili, muswada ulikuja kwa Kiingereza, sheria ikachapwa kwa Kiingereza, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Tanzania lugha ya sheria ni Kiswahili kwa hiyo tafsiri zinakuja moja moja. Yaani jambo moja lina majina matatu, la mtaani, la Hansadi na la kwenye kitabu cha sheria, na kazi ya kuyafunga pamoja hakuna mashine itakayokufanyia kama hujakaa ukaandika.

Nilianza mwenyewe. Nilikuwa na kadi, zile kadi za katalogi za zamani tulizoacha kutumia, nikageuza upande wa nyuma. Juu naandika neno wanalotumia wabunge, chini naandika kwenye katalogi linaitwaje, na pembeni mwaka ambao neno lenyewe lilianza kusikika ukumbini. Nilifika kadi 800 na kitu. Kikokotoo iko na 2018, ile sheria ya kuunganisha mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma. Hata maneno yaliyokufa niliyaandika, maana mtu wa utafiti anayetafuta habari za vyakula mwanzoni mwa miaka ya 80 asipojua kulikuwa na "ulanguzi" na "uhujumu uchumi" hapati kitu. Kadi hizo niliziacha kwenye droo ya tatu chini ya kaunta. Kama kuna mtu wa ile nyumba anasoma hapa, naomba uangalie kama droo bado ipo.

Jambo lingine la haraka lakini zito. Msiwatume watu kuja kutuuliza nani kaazima nini. Nimefuatwa, na siyo mara moja, na mtu mwenye cheo, anaegemea kaunta anacheka cheka, "Mama, hivi yule jamaa wa upande wa pili juzi alikuwa anasoma nini hapa usiku?" Nikamwambia alikuwa anasoma. "Anasoma nini?" Anasoma karatasi. Hakurudi, na safari yangu ya semina mwaka ule ikafutwa, sijui kama vinahusiana. Siku mbunge wa upinzani akijua kwamba mkutubi anasema, hatakuja tena maktaba, na wa chama tawala naye hatakuja maana kesho atatajwa yeye. Andikeni kwenye kanuni kabisa kwamba rekodi za uazimaji ni siri, mkutubi awe na karatasi ya kumwonyesha mkubwa badala ya kutegemea ubishi wake.

Wenzetu nao hawakuanza wakiwa wazuri. House of Commons pale London wana maktaba tangu 1818, na kwa zaidi ya miaka 100 ilikuwa zaidi mahali pa mabwana kukaa na gazeti, utafiti wa maana wakauanzisha baada ya Vita Kuu ya Pili, na leo machapisho yao yale mafupi ya kila muswada mtu yeyote anayasoma bure kwenye intaneti hata akiwa Kigoma. Marekani kitengo cha utafiti cha Congress kilikaa miaka mingi kikiandikia wabunge tu, mpaka 2018 sheria ikalazimisha ripoti ziwekwe wazi kwa wananchi. Na Kanada, Ottawa, usiku wa tarehe 3 Februari 1916 jengo la bunge liliungua, maktaba ikabaki imesimama kwa sababu ilikuwa na milango ya chuma na kuna mtumishi aliyehakikisha imefungwa. Juzi juzi tu, Januari 2022, ukumbi wa bunge Cape Town umeteketea. Juni 2024 Nairobi tumeona wote moshi. Nyie nakala za pili za Hansadi zenu zimekaa jengo gani? Kama jibu ni jengo hilo hilo, chumba cha jirani, basi mna nakala moja.

Ninachoomba hakina gharama kubwa, mnaweza kukifanya bila mfadhili na bila keki. Wekeni kwenye Kanuni za Kudumu, siyo kwenye waraka wa ofisi unaokufa na aliyeusaini, kwamba hati yoyote haijahesabika kuwa imewasilishwa mezani mpaka maktaba iwe imepokea nakala yake na kusaini, karatasi au faili, siku hiyo hiyo kabla nyumba haijaahirishwa. Kama vile sheria inavyomtaka mchapishaji wa Tanzania apeleke nakala za kitabu chake Maktaba ya Taifa, na bunge lijidai lenyewe. Mkutubi aingizwe kwenye kila grupu na kila mfumo unaotuma hati kwa wabunge, asome tu, hatachangia. Mtu mmoja wa index ya maamuzi ya Spika, na asihamishwe hata akiwa mrefu. Kasma ya vitabu ikikatwa ikatwe kwa maandishi mkutubi ajue. Na msaada wa vitabu upokelewe baada ya orodha kuletwa na mkutubi kuweka alama kwenye anavyovitaka, mgeni atanuna siku moja yataisha.

Na wananchi waruhusiwe kuingia. Weka meza mbili karibu na mlango, siku ambazo nyumba haikai, kitambulisho getini. Wale waliosafiri na basi na kurasa zao nane waje waone kurasa zao zipo na zina namba.

Yule mheshimiwa wa mashamba hakurudi uchaguzi uliofuata. Tulikutana msibani mwaka jana, akaniambia yale mashamba bado pori, na kuna kamati nyingine imeundwa kuyachunguza. Ukurasa wa 47 ninao, niliunyoosha kwa pasi, una doa la mafuta kwenye kona ila namba zote zinasomeka. Hao wanakamati mpya wakiuhitaji waniambie niwaskanie.

Mkutubi mstaafu